Mluzi Kutoka Mabakuli

Evasio Guala hakuwa mtu wa maneno mengi, na ukitaka kumfunga mdomo kabisa, mtajie mto. Sisi wa kijiji cha Rovale tulikwisha kumzoea. Jioni kwenye kilabu cha Pinota, habari za samaki wa trauti zikianza, Evasio huinua glasi yake akahamia kwa wacheza karata. Mgeni akiuliza yule ana nini, kuna mtu atamkanyaga mguu chini ya meza, na mazungumzo yatageuzwa kwenye bei ya jibini.

Hakuzaliwa hivyo. Mama yao alifariki Evasio akiwa hajaota meno, na aliyemlea ni dada yake Onorina, ambaye naye alikuwa bado ni msichana wa kuchezea mwanasesere. Alimbeba mgongoni akichota maji, akichunga mbuzi, akienda misa. Ndiyo maana hata Evasio alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, mfanyakazi wa kiwanda cha sufu huko chini bondeni, Onorina akimwita "we mtoto" aliitika bila kuona haya. Na Celso alipokuja kumposa Onorina, alijua kwamba anaoa wawili. Hakulalamika. Celso alikuwa mwashi wa mawe, kifua kipana, kicheko chake unakisikia ng'ambo ya mto, na mtu wa namna hiyo mdomo mmoja zaidi mezani haumtishi.

Celso ndiye aliyemfundisha Evasio mto. Uvuvi wetu hauna mashine yoyote. Ni ufito mrefu wa mwanzi, mshipi wa singa za mkia wa farasi uliosokotwa kwa mkono, na mwishoni nzi watatu wanne waliotengenezwa kwa hariri na manyoya ya jogoo. Basi. Samaki akishika, humzungushii gurudumu. Unamleta kwa kiwiko na akili. Trauti wetu wenyewe ni wadogo, aliyezidi kiganja na vidole viwili huyo anasimuliwa hadi Krismasi, lakini ni wazuri ajabu, wana madoa mekundu ubavuni, na ni waoga kuliko sungura. Wakiona kivuli chako tu, kwaheri, umevua mawe siku hiyo.

Mshipi wa Celso aliusokota Onorina. Kila majira ya baridi aliketi karibu na dirisha na fungu la singa nyeupe za farasi dume. Singa za jike hazifai, kwa sababu jike hukojolea mkia wake na singa zikaoza. Ndivyo tunavyosema sisi, na anayebisha akabishane na farasi. Onorina alikuwa na msokoto wake, wa kubana sana, wenye mkunjo mdogo kila baada ya upana wa kidole. Wavuvi wa vijiji vitatu waliutambua wakiushika gizani.

Sasa, kwa kuwa trauti ni waoga, ipo sheria. Anayeingia mtoni huchomeka kijiti kibichi chenye majani kwenye changarawe, pale anapoanzia. Maana yake: niko juu, usinipite. Akimaliza hurudi kwa njia ileile, hukichomoa, hukitupa majini. Kijiti kikiwa kimesimama, mwenyewe yumo. Rovale unaweza kuiba mbuzi ukasamehewa kabla ya mavuno, lakini ukipita kijiti cha mtu, wajukuu zako watatajiwa. Na hakuna mahali sheria hiyo ilishikwa kama Mabakuli, kule juu ambako maji yamechimba mabeseni ndani ya mwamba, moja juu ya jingine, na njia ni moja tu, kati ya kuta mbili za mawe. Humo sauti ya binadamu haifiki popote. Maji yanaimeza. Kinachopenya ni mluzi. Kwa hiyo mvuvi akipata samaki wa kujivunia hupiga mluzi, na aliye chini humjibu, hata kama moyoni anamlaani.

Mambo yote yalianzia kwa mbuzi, na ingekuwa kicheko kama yangeishia kwa mbuzi.

Mwisho wa Agosti, Evasio alipanda Mabakuli hakuona kijiti, akaingia. Kwenye beseni la tatu akamkuta Celso amepiga magoti nyuma ya jiwe, ufito umenyooka, ananyemelea trauti mmoja aliyekuwa akimwinda tangu Pasaka. Kivuli cha Evasio kikaanguka majini. Trauti akaondoka, na hakuonekana tena mwaka huo. Walipotelemka wakakuta mbuzi wa Pinota amesimama penye changarawe, anatafuna, na kipande cha mti kinamning'inia mdomoni.

Jioni ile kwenye kilabu Celso hakumhurumia.

"Jamani, shemeji yangu ameoa kiwanda," alisema, glasi mkononi. "Mashine zimemtia uziwi, sasa naona zimeingia na machoni. Kijiti kikubwa kama mlingoti wa kanisa, hakukiona!"

"Kililiwa na mbuzi!" Evasio alisema. "Si uliona mwenyewe?"

"Niliona mbuzi. Kila mwizi ana mbuzi wake."

Watu wakaangua kicheko. Pinota mwenyewe, mwanamke wa miraba minne, akapiga kaunta kwa kitambaa. "Mbuzi wangu msimsingizie! Yule ni Mkristo kuliko nyie wote."

"Shemeji, yaishe," Evasio alisema, masikio yamemwiva.

"Yaishe vipi? Trauti wangu nani atanirudishia, Papa wa Roma?"

Hapo Evasio akasimama. Alikuwa amekunywa, si sana, kiasi cha kumfanya mtu asikie kila neno kubwa kuliko lilivyo. "Haya, sikilizeni wote," alisema. "Kuanzia leo, haki ya Mungu, nikikiona kijiti cha Celso sipiti. Kikae siku, kikae mwezi. Hata kiote mizizi. Hata kizae matunda!"

"Kikizaa, niletee kapu moja," Celso alisema, na kilabu kizima kikapasuka tena. Celso alimshika shingo, akambusu kichwani kwa nguvu kama anavyobusiwa mtoto, akamlipia glasi nyingine. Waliondoka wameshikana mabega. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani anakumbuka wahenga akiwa amejaa mvinyo na shemeji yake anamwimbia sikioni?

Jumamosi moja ya Septemba, msimu ukikaribia kufungwa, mto ulikuwa mwembamba na safi, na baridi ya asubuhi imeshaanza kuuma masikio. Evasio alipanda adhuhuri. Kwenye changarawe chini ya Mabakuli akakuta kijiti kimesimama, ncha yake imechongwa pembe nne. Ni Celso tu aliyechonga kijiti kama anachonga jiwe la msingi. Evasio akakiamkia, "Shikamoo, bwana mkubwa," akageuka. Alikwenda kumsaidia jirani kukusanya nyasi za mwisho, wakala, wakapumzika. Jua lilipoanza kuinama, saa ambayo wadudu hushuka majini na trauti hupanda, akachukua tena ufito wake akarudi.

Kijiti kilikuwa palepale. Majani yamelegea.

Evasio alisimama akikitazama, na moyo wake, si vizuri kumsingizia mtu moyo mwema asiokuwa nao, ulijaa hasira. Saa nzuri kuliko zote, Jumamosi, siku yake moja ya kuvua, na yule bwana bado yumo ndani kama ng'ombe kwenye shamba la watu. Alijua kabisa kwamba angeweza kupita. Angekwenda polepole, angemwita, wangegawana mabeseni, kama walivyofanya mara nyingi. Lakini alikuwa ameapa mbele ya kilabu kizima, na akajisemea: utaona mwenyewe, shemeji, kama mimi ni kipofu.

Ndipo mluzi ukaja kutoka juu. Mrefu, mkali, ukatoboa ngurumo ya maji. Ukanyamaza, ukaja tena.

"Wawili," alisema Evasio. "Anajigamba kwa wawili." Akatia vidole mdomoni akamjibu. Hakumjibu mluzi wa mvuvi kwa mvuvi. Alimpigia ule tunaoitia mbuzi jioni, wenye mkia unaopanda. Alijua Celso ataelewa, na alijua atacheka.

Huko juu kukawa kimya kidogo, kisha miluzi ikaanza upya, mmoja juu ya mwingine, upesi upesi. Evasio alikuwa ameshaupa mgongo mto. Anataka kunitia wazimu, aliwaza, na akatelemka kwenda nyumbani akitabasamu bila kupenda.

Jua lilipozama Onorina alibisha mlangoni kwake, mikono ina unga bado.

"We mtoto, umemwona Celso?"

"Kijiti chake kiko Mabakuli."

"Mpaka saa hizi?"

"Dada, mume wako si mtoto mchanga. Samaki wanakula leo. Giza likimkuta atapanda juu alale kwa wachungaji, ajaze tumbo jibini. Si ndivyo alivyofanya mwaka jana ukamrushia sufuria?"

Onorina alisimama pale kizingitini, hakuridhika wala hakukataa. "Lakini mzima? Una hakika ni mzima?"

"Mzima," alisema Evasio. "Nenda kalale."

Na Onorina akaenda, kwa sababu Evasio alikuwa anaujua mto, na kwa sababu alikuwa ndugu yake. Neno lile moja ndilo lililowaweka watu vitandani. Kama angesema sijui, wanaume wangewasha taa na kupanda. Tungepanda sote, hata wale tusiojua kuvua.

Kulipopambazuka Evasio aliamka na kitu kimemkaa kifuani. Hakumwambia mtu. Alipanda, akafika kwenye changarawe, akakuta kijiti kimesimama, majani yamejikunja. Safari hii akapita.

Celso alikuwa ameketi. Kwenye beseni la tatu, mgongo umeegemea mwamba, koti amejifunga kifuani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika vibaya juu ya goti. Alikuwa ameukata ufito wake vipande na kuufunga mguu gango, kama anavyofungwa gango mwana-kondoo, na kamba aliyotumia ilikuwa ni mshipi wa singa, amezungusha na kukaza, amezungusha na kukaza. Kapu la samaki lilikuwa kando yake, trauti wawili ndani ya majani ya kiwavi, ule mmea unaowasha, wamepangwa vizuri. Mikono ilikuwa baridi, na umande ulikuwa umelala kwenye nywele zake. Uso alikuwa ameuelekeza chini, kwenye njia, kule mluzi wa mbuzi ulikotoka.

Evasio alipiga magoti, akamwita kwa jina. Akamwita shemeji. Kisha akamwita baba, jina ambalo hajawahi kumwita mtu.

Alichofanya baadaye alikifanya haraka, na mikono yake ilijua kabla ya kichwa. Alitoa kisu akakata mafundo, yalikuwa yamezama ndani ya suruali. Akaondoa vipande vya ufito akavitupa kwenye maji, akautupa na mshipi. Akamlaza Celso kando ya jiwe, kama mtu aliyeteleza akaanguka na asiinuke. Kisha akatelemka mbio kuita watu.

Alifanya hivyo kwa ajili ya dada yake, asije akajua kwamba mumewe alikaa pale saa nyingi akiteseka? Au kwa ajili yake mwenyewe, asije akaulizwa: na wewe, uliyekuwa pale chini, hukusikia kitu? Evasio alijiuliza swali hilo miaka yote iliyobaki, na jibu lilibadilika kulingana na hali ya hewa.

Kwenye maziko padri alisema Mungu alimhurumia Celso, alimchukua kwa ghafla bila mateso. Mimi siwapendi watu wanaojua sana huruma za Mungu kabla hata hawajauliza kilichotokea, lakini ilimsaidia Onorina kusimama, basi na iwe hivyo. Watu walimshika mkono Evasio, wakamwambia ahsante kwa kumpata. Pinota alilia mpaka akashikiliwa. Kuhusu kijiti Evasio hakuficha. Alisema mbele ya wote kwamba alikiona na akarudi kwa sababu ya kiapo chake. Hakuna aliyemlaumu. Kila mwanaume pale alijua kwamba naye angerudi. Tukaweka sheria mpya: kijiti kikikutwa kimesimama kengele ya jioni ikilia, watu wapande, awe mwenyewe anapenda au hapendi. Inashikwa mpaka leo.

Ila mluzi hakuutaja. Wala jibu lake.

Alivunja ufito wake akautia jikoni. Mtoni hakurudi tena, wala kunawa mikono. Alikuwa na mchumba wakati ule, msichana wa kiwandani, mcheshi, naye alimngoja mwaka na zaidi, akachoka, akaolewa mjini Torino. Evasio hakumfuata. Alikwenda kiwandani, akarudi, akachanja kuni za dada yake kabla ya zake, akarekebisha paa lake, akamfyekea nyasi. Na kila Jumapili baada ya misa alikaa mezani kwa Onorina, kwenye kiti cha ubavuni, kwa maana kile cha mbele kilibaki cha Celso.

Meza ile ndiyo iliyokuwa meza yake pekee duniani. Mtu asiye na mke, asiye na mtoto, aliyelelewa na dada, akifukuzwa pale atakwenda wapi? Kila Jumapili alifika na maneno mdomoni. Dada, alipiga mluzi. Dada, alikuwa hai, mimi nilimjibu, akadhani nakuja. Alikuwa ameyapanga, ameyapunguza, akayafanya mepesi kiasi cha kuweza kuyasema kwa pumzi moja. Onorina angeweka ugali wa mahindi mezani, angemuuliza kuhusu kikohozi chake, na Evasio angeyameza yale maneno pamoja na tonge la kwanza. Njiani kurudi alijitukana. Jumapili ifuatayo, alijiahidi. Kaka yangu, Jumapili ziko nyingi sana kwa mtu mwoga.

Miaka ikapita hivyo. Nywele za Onorina zikawa nyeupe. Ikaja mishipi ya plastiki kutoka mjini, haiozi, haihitaji farasi, na wavuvi wakaacha kumletea singa, naye hakusikitika, kwani tangu Celso afe hakuwa na hamu ya kusokota. Halafu, watu wa mjini walivyo, wakachoka plastiki yao. Chama cha wavuvi cha huko kikatuma salamu kwa Onorina: wanaomba mshipi mmoja tu wa singa, wa kikweli, wa kutundika ukutani.

"Wa kutundika!" Onorina alisema. "Kesho watataka na mimi wanitundike." Lakini akakubali. Labda alitaka kujua kama mikono bado inakumbuka.

Jumapili ile ya Novemba, chungu cha ugali kikitokota, alimwambia Evasio amshikie ncha. Kusokota mshipi kunataka watu wawili: mmoja azungushe, mwingine ashike na kuvuta bila kulegeza. Zamani mshikaji alikuwa Celso. Evasio alizungusha ncha kwenye kiganja chake mara kadhaa, akavuta. Onorina, karibu na dirisha, akasokota, akahesabu kwa midomo, akasokota. Mikono ilikumbuka. Walikaa hivyo muda mrefu, na Evasio, kwa mara ya kwanza tangu zamani, alihisi kitu kinachofanana na amani.

"Legeza," alisema Onorina hatimaye. "Leta nione kama nimekuumiza."

Kwenye kiganja cha Evasio na nyuma ya mkono mshipi ulikuwa umeacha mifereji myekundu, yenye mkunjo mdogo kila baada ya upana wa kidole. Onorina aliushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Aliutazama zaidi ya inavyotazamwa alama ya kamba. Kisha akauacha, akaenda jikoni.

Alimwaga ugali kwenye ubao, akaukata kwa uzi kama kawaida, akamwekea Evasio kipande na maziwa na jibini. Akaketi. Hakugusa chake.

"Celso alikuwa na alama ile," alisema. "Pajani na chini ya goti."

Evasio alikuwa na kijiko njiani. Kikabaki hapo.

"Unashangaa nini? Nilimwosha mimi. Ulidhani nilimwachia nani aoshe mume wangu, Pinota? Niliona alama, nikaujua msokoto wangu. Na nyama ya mtu aliyekufa haivimbi kuzunguka kamba, Evasio. Alijifunga mwenyewe akiwa hai. Alikaa na ule mguu. Halafu mtu akaja akamfungua, na aliyekuja wa kwanza ni wewe."

"Ulikuwa unajua," alisema Evasio.

"Tangu siku ile."

"Na hukusema kitu. Miaka yote hii."

"Nilikungoja wewe useme. Mwaka wa kwanza nilikuchukia kidogo, nakwambia kweli. Nilisema, huyu ananificha nini? Baadaye nikakutazama unavyochanja kuni zangu. Nikaelewa. Hukutaka nijue kwamba aliteseka. Ulichukua mzigo wote ule peke yako ili mimi niweze kumsikiliza padri." Alinyoosha mkono akamfuta kitu shavuni, kama alivyokuwa akimfuta makamasi zamani. "Na mimi nikakuacha uubebe, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuupokea. Nisamehe, mdogo wangu. Mimi ndiye mkubwa. Nilipaswa kukuambia uutue."

Evasio alilia. Mtu mzima, mkono ukiwa bado na kijiko, alilia kimyakimya na pua ikamtoka, na Onorina akamwacha alie. Aliyaona maneno yake yote yamekusanyika, mepesi kama alivyoyapunguza, yanangoja pumzi moja tu. Hakujawahi kuwa na saa kama ile na alijua haitakuja nyingine.

"Nina swali moja," Onorina alisema. "Halafu hatutaongea tena. Nimezeeka, nataka nilale usingizi. Ulipomkuta, au siku ile, au wakati wowote. Kuna dalili kwamba aliita?"

Chungu kilikuwa kinapoa jikoni na ukoko unalia. Evasio alimtazama dada yake. Aliona macho yake, aliona jinsi alivyojishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na aliona pia kiti chake cha ubavuni, na sahani yake, na mlango nyuma yake.

"Hapana, dada," alisema. "Hakuita."

Wako watakaosema alimhurumia. Wako watakaosema alijihurumia. Mimi nimeshindwa kumhukumu, na yeye mwenyewe alishindwa.

Onorina aliachia meza. Mabega yake yalishuka, kitu ambacho hatujakiona Rovale tangu siku ya maziko. Akajifuta macho kwa aproni, akacheka kidogo hata, akakivuta kipande chake cha ugali.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa najiambia kila siku. Celso alikuwa na mluzi wa kutoboa mlima. Kama angepiga, wewe ungemsikia. Na ungemsikia, ungekwenda."

"Ningekwenda, dada," alisema Evasio, na Onorina akamwongezea ugali.